Kazi za Mwumba: Mmea Ufananao na Jiwe



Sisi tukaao Mwanza twayajua mawe. Twajenga nyumba zetu katikati yake, mama zetu huanika dagaa juu yake, na kila afikaye kwa meli huliona Jiwe la Bismarck limesimama majini. Kwa hiyo mtu akaaye kimya twamwita jiwe, tukidhani tumekwisha kumweleza.

Lakini katika nchi kavu ya Somalia upo mmea ambao mpita njia huudhania kuwa jiwe hasa. Hauna jani wala mwiba. Ni shina nene tupu, lenye vinundu vinundu, na rangi yake kama ya kokoto zilizouzunguka. Peter Bally, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi miaka mingi katika jumba la makumbusho la Nairobi, aliiita jamii yake Pseudolithos mwaka 1965, maana yake jiwe la uongo.

Basi, ndani ya jiwe hilo mna maji. Mvua ikinyesha, mmea huyanywa na kuyaweka. Jua likichoma, huishi kwa akiba ile. Wakati wake ukifika hutoa maua madogo yenye rangi ya damu ya mzee na harufu ya nyama iliyooza. Sisi tungeziba pua. Nzi huona wamealikwa, nao huchukua chavua toka ua hata ua. Kisha mbegu zenye nywele laini hupeperushwa na upepo.

Hata hivyo mmea huu ni haba. Wako wautafutao ili kuwauzia wapendao mimea ya ajabu; nao uking'olewa kabla ya kuzaa mbegu, uzao wake umekatika.

Walimu na wazazi, kati yetu yumo mtoto aulizwaye asijibu. Twaharakisha kusema, "Huyu ni jiwe," tukamwondoa shuleni akachunge ng'ombe. Kumbe huenda anaweka akiba ya yale aliyoyasikia, akingoja wakati wake. Tusimng'oe kabla hajachanua. Mwumba aliyeweka maji ndani ya kitu tulichokidhania jiwe hakumwumba mtoto ye yote mtupu.

Mwezi huu kila mmoja wetu na amkalie karibu mtoto wa namna hiyo, amwulize neno kwa upole, kisha asubiri jibu lake.