Zeolaiti si Chekeche: Wito kwa Wanafunzi wa Kiswahili Waisemee Sayansi

Kuna dai ambalo limerudiwa mara nyingi katika kumbi zetu za mihadhara hata limekaribia kuwa methali: kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na hekaya, na kwamba kikifika mlangoni pa maabara hupigwa na bubuwazi. Wanaolitoa dai hili si mahasidi wa lugha. Wengine ni walimu na wanafunzi wa Kiswahili wenyewe, ambao wakiulizwa lolote kuhusu kemia hucheka na kusema kwamba hayo ni ya watu wa Chiromo. Makala haya yanalipinga dai hilo, lakini si kwa kuimba sifa za lugha, maana sifa tumeziimba vya kutosha. Yanachukua kitu kimoja tu, kidogo na kigumu, ambacho wanakemia hukisanisi na kukichunguza, na kuuliza: je, twaweza kukieleza kwa Kiswahili bila kukipotosha? Na tusipokieleza, ni nani anayeumia?

Kitu chenyewe ni zeolaiti. Jina hili lilitungwa mwaka 1756 na Axel Cronstedt, mtaalamu wa madini wa Uswidi, aliyeona kwamba jiwe fulani likipashwa moto wa ghafla lilionekana kutokota na kutoa mvuke. Akaunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja la kuchemka na jingine la jiwe. Mvuke ule ulikuwa maji yaliyojificha ndani ya jiwe, na leo yajulikana yalikojificha. Zeolaiti ni fuwele iliyojengwa kwa atomu za silikoni, alumini na oksijeni, ambazo zimeshikana kwa mpangilio unaoacha vyumba na vishoroba vyenye upana usiobadilika. Katika aina iitwayo zeolaiti A, mlango wa chumba una upana wa takriban nanomita 0.4, nayo nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwa wingi wa vyumba hivyo, gramu moja tu ya baadhi ya zeolaiti ina eneo la ndani la mamia ya mita za mraba, kubwa kuliko kiwanja cha tenisi.

Kuisanisi si uchawi. Huchukuliwa chanzo cha silika na chanzo cha alumini, vikachanganywa katika maji yenye haidroksidi ya sodiamu hadi likapatikana rojo. Rojo hilo hufungiwa ndani ya chombo na kutiwa katika tanuri. Kwa zeolaiti A, joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa kadhaa hutosha; nyinginezo hudai joto zaidi na siku kadhaa. Fuwele huota humo rojoni zenyewe. Kazi hii ilianzwa kwa utaratibu na Richard Barrer, mzaliwa wa New Zealand aliyefanyia utafiti wake Uingereza katika miaka ya 1940, ikaendelezwa Marekani na Robert Milton na wenzake wa kampuni ya Union Carbide, na kufikia miaka ya 1950 zeolaiti zilikuwa zikiuzwa viwandani. Malighafi yake si ngeni kwetu. Kaolini, ambao ni udongo mweupe wa mfinyanzi, ukichomwa kwa nyuzi 600 hadi 800 huwa tayari kwa usanisi huo. Maganda ya mpunga, kama yale yanayorundikana kwenye vinu vya Mwea, yakiteketezwa huacha majivu yaliyojaa silika. Basi udongo wa mfinyanzi na taka za kinu vyaweza kuzaa kitu cha thamani.

Lakini kusanisi ni nusu ya kazi. Mwanakemia akitoa unga mweupe tanurini hana haki ya kudai kwamba ni zeolaiti mpaka aubainishe. Kwanza huupitishia miale ya eksirei, na fuwele huitawanya miale hiyo katika pembe maalumu. Kila muundo una safu yake ya mistari, mithili ya alama za vidole. Kisha huutazama kwa hadubini ya elektroni. Zeolaiti A aghalabu huonekana kama michemraba midogo. Hatimaye, kwa zeolaiti nyingi, huupoza hadi nyuzi 196 chini ya sufuri na kupima kiasi cha naitrojeni inayonaswa vyumbani, ndipo akalijua eneo la ndani. Msomi wa fasihi hapaswi kulishangaa hili. Nasi hatukubali kwamba muswada ni wa karne ya 18 kwa sababu aliyeuleta amesema hivyo. Twauchunguza hati, karatasi, wino na lugha, na ushahidi mmoja hautoshi.

Nimekwisha kueleza usanisi na ubainishaji wa zeolaiti katika aya chache, na sikulazimika kukopa sentensi ya mtu. Maneno niliyoyatumia ni ya kawaida: fuwele, atomu, hadubini, rojo, tanuri. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Neno usanisinuru, ambalo wengine walilicheka, hutamkwa na watoto wa shule za msingi za Tanzania bila kigugumizi. Kwa hivyo wanaosema kwamba istilahi hazipo wana deni la kueleza ni zipi walizozitafuta wakazikosa.

Hata hivyo, Mgala muue na haki yake umpe. Ugumu upo, ila haupo pale tunapoutafuta. Haupo katika jina. Upo katika mfano. Zeolaiti husifiwa kwa kuzitenga molekuli kulingana na ukubwa wake, na wepesi wa kwanza unaomjia mfasiri ni kuiita chekeche ya molekuli. Neno ni tamu, lakini linadanganya. Katika chekeche ya unga, chembe ndogo hupita na chenga hubaki juu. Katika zeolaiti mambo huenda kinyume: molekuli ndogo huingia vyumbani na kunaswa, ilhali kubwa, kwa kuwa haziwezi kupita mlangoni, huzunguka nje na kwenda zake. Kifumbu cha kukamulia tui nacho hakifai kwa sababu iyo hiyo. Ukimpa mwanafunzi mfano wa chekeche, umempa picha iliyopinduliwa, na atakapofika kwenye hesabu atajikwaa.

Mimi napendekeza dema. Mvuvi wa Lamu au wa Vanga hulisuka dema lake kwa matundu ya ukubwa mmoja, akaliachia mlango wa kadiri. Samaki atoshaye mlangoni huingia na kunaswa. Papa hupita kando. Hapo msomaji ameelewa jambo ambalo chekeche ingemficha. Lakini mfano mzuri hujua mpaka wake, na dema lina mpaka. Wakati wa janga la UVIKO-19, mwaka 2020 na 2021, mashine za kukoleza oksijeni zilitafutwa kwa udi na uvumba hospitalini na majumbani. Ndani ya mashine nyingi za aina hiyo mna zeolaiti, nayo kazi yake ni kuinasa naitrojeni ya hewa ili mgonjwa apate oksijeni iliyokolea. Molekuli za naitrojeni na za oksijeni zinakaribiana mno kwa ukubwa. Kinachozitenga ni nguvu ya umeme. Ayoni za metali zilizomo vyumbani huivuta naitrojeni kwa nguvu zaidi kuliko zinavyoivuta oksijeni. Kwa hiyo hapo tutasema: dema lenye chambo. Na pale zeolaiti inapolainisha maji magumu, ikiipokea kalsiamu na kuitoa sodiamu, tutasema habari za mpangaji anayeingia na mpangaji anayetoka. Kazi ya kuchagua mfano, kuujaribu na kuukataa ni kazi ya mtu aliyefunzwa istiara na tashbihi. Ni kazi yetu sisi wa fasihi.

Je, haya ni mapambo ya wasomi tu? La hasha. Tuchukue maji. Visima vingi vya Nairobi na vya Bonde la Ufa hutoa maji yenye floraidi inayotokana na miamba ya volkeno. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiasi kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kikizidi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na baada ya miaka mingi ya kunywa maji yenye kiasi kikubwa, hata mifupa hudhurika. Katika vitongoji vya magharibi, tangu Westlands na Lavington hadi Dagoretti na Karen, wakazi wengi hutegemea visima kwa kuwa maji ya mfereji huja kwa mgao. Sasa aje muuzaji na kichujio ambacho ndani yake mna zeolaiti, aseme kwamba jiwe hili husafisha kila kitu. Mnunuzi wa Kangemi aliyefunzwa kwamba zeolaiti ni chekeche ataamini. Ukweli ni kwamba kiunzi cha zeolaiti kina chaji hasi, na floraidi nayo ni ayoni yenye chaji hasi. Hivi viwili husukumana. Zeolaiti ambayo haijatiwa kitu kama alumini au zirkoniamu ya kuishika floraidi haina msaada wa maana kwa mama huyu. Anaweza kulipia kichujio, akakitumia kwa uaminifu, na meno ya mwanawe yakaharibika vilevile.

Jambo la pili ni zito zaidi. Jina zeolaiti ni la ukoo, na katika ukoo kuna watu wa kila tabia. Mojawapo ya zeolaiti za asili, erionaiti, ina nyuzi nyembamba zinazofanana na za asbesto. Katika vijiji kadhaa vya Kapadokia nchini Uturuki, kuivuta puani kumesababisha saratani ya utando wa mapafu, na mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitika. Madini haya hayako Uturuki pekee. Wanajiolojia wameyaeleza katika matabaka ya ziwa Magadi na ya Olduvai. Sisemi haya ili kuogofya watu, kwani zeolaiti A na wenzake waliosanisiwa hawana nyuzi hizo. Nasema kwamba mtu anayeuziwa unga kwa jina la zeolaiti anastahili kuuliza, kwa lugha yake, ni zeolaiti ipi. Swali hilo haliwezi kuulizwa na asiyejua kwamba ziko nyingi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imetupa msingi wa hoja hii. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 43 kinataja haki ya kila mtu kupata maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Vifungu hivi vitatu vikisomwa pamoja, ni vigumu kuona ni vipi utafiti kuhusu maji ya Mnairobi utahifadhiwa katika lugha moja tu miongoni mwa lugha rasmi mbili, tena ile asiyoitumia sokoni.

Najua pingamizi litakalotolewa: mwanasayansi huandikia ulimwengu, na ulimwengu husoma Kiingereza. Nakubali. Sidai kwamba tasnifu ya kemia iandikwe yote kwa Kiswahili kesho asubuhi. Nadai kurasa mbili. Wengine watasema tusubiri hadi istilahi zote zikamilike. Hao nawakumbusha kwamba sayansi haisubiri. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobeli ya Kemia ilitolewa kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa kazi yao juu ya ndugu wapya wa zeolaiti: viunzi vyenye vitundu vilivyofumwa kwa ayoni za metali na molekuli za kaboni. Yaghi na wenzake wameonyesha kwamba viunzi hivyo vyaweza kunasa mvuke katika hewa ya jangwa na kuutoa ukiwa maji. Kitu kama hicho kikifika Turkana au Wajir, tutakieleza kwa maneno gani ikiwa hata zeolaiti ya mwaka 1756 hatujaieleza?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chetu kimwoanishe mwanafunzi mmoja wa Kiswahili na mmoja wa sayansi, ili kila tasnifu inayohusu maji, chakula au afya ipate ikisiri ya Kiswahili ya kurasa mbili. Kutoka Bewa Kuu hadi Chiromo ni mwendo wa miguu. Hakuna anayehitaji nauli. Pili, tuache kubishana kuhusu majina kabla ya kueleza vitu. Jina zeolaiti litoholewe na likae. Kubuni neno kama jiwechemko ni kuuhifadhi moto wa Cronstedt na kuvisahau vyumba. Nguvu zetu tuzitie katika maelezo. Tatu, maelezo hayo yajaribiwe kwa wenye kuyahitaji kabla ya kupelekwa kwenye kamusi: fundi wa pampu, mwuguzi, muuza vichujio. Fundi wa pampu akisikiliza habari za dema kisha akauliza, "Na floraidi nayo huingia?", tutajua kwamba maelezo yamefaulu. Asipouliza, turudi mezani.

Wakemia wamekwisha kufanya sehemu yao: wamesanisi, wamebainisha, wameandika. Sehemu iliyobaki ni ya lugha, nasi ndio tuliojiandikisha kuisomea. Shime basi, wenzangu. Atakayekuwa tayari kuanza na ikisiri ya kwanza alete jina lake kwa katibu wa chama kabla ya muhula huu kwisha.