Babu na Simu ya Burma

Marehemu babu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa askari wa simu katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma mwaka 1944. Katika bonde la Kabaw, mvua ikinyesha usiku na mchana, walitandaza nyaya matopeni, naye akakesha kibandani akipokea habari za vikosi vilivyouelekea mto Chindwin. Habari hizo zilifika kwa dakika chache. Ya kufariki mama yake, iliyokuja kwa barua, ilimfikia baada ya miezi minne. Alisoma, akasema Innaa lillaahi, akarejea zamuni, kwani simu ilikuwa ikilia. Kaburi alilizuru mwaka 1946. Sisi wajukuu, tusiojua, tulikuwa tukimcheka alivyoikimbilia simu ya nyumbani.