Mama akiondoka siku 9, nyumba haianguki (Sehemu ya 6)

Leo chanjo na uji wa mtoto tuviweke pembeni, tuongee kuhusu mama mwenyewe.

Mwezi uliopita nilitoka Arusha kwa pikipiki na wenzangu wawili. Tukavuka Namanga, tukapita Nairobi, hadi Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Siku 9 kwenda na kurudi. Watoto wangu, wa miaka 7 na 4, walibaki na baba yao. Mama mkwe akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mama au kijana wa bodaboda?" Nilicheka, lakini iliniuma.

Jamani, raha ile siwezi kuificha. Ukishapita Maralal ni vumbi, mchanga wa makorongo na mawe. Unasimama juu ya pikipiki, magoti umelegeza, macho mbele. Hapo huwazi zamu ya usiku wala ada ya shule. Ukiwaza tu, uko chini. Mimi nilianguka mara mbili mchangani, nikainuka nacheka. Baragoi tukanywa chai ya maziwa, tukapiga stori na mama muuzaji kwa Kiswahili kama majirani. Kisha mawe meusi ya volkano, upepo unakusukuma, na ghafla ziwa hilo, kijani hadi macho yanapoishia. Nililia.

Najua mtasema: nesi, si wewe unayepokea majeruhi wa pikipiki kila siku? Ndiyo. Ndiyo maana hatukuendesha usiku, na kila kituo tuliulizia usalama wa njia ya mbele. Buti, glovu, kofia ngumu imefungwa kidevuni. Kichwa hakina spea. Ila na wewe unayenilaumu, asubuhi unampakia mtoto bodaboda kichwa wazi. Tuanzie hapo.

Niliporudi nilikuta sufuria imeungua uji na nywele za binti ni vituko. Lakini watoto wazima, na baba yao sasa anajua mdogo halali bila hadithi, na kadi ya kliniki inakaa wapi. Miaka 7 nilikuwa nayajua peke yangu. Ningeugua ghafla, je?

Sisemi kila mama apande pikipiki. Nasema pumziko lako si wizi kwa watoto. Panga, aga vizuri, nenda. Wewe ungepewa siku 9, ungeenda wapi?