Maarifa ya Nyumbani: Chupa Isiyo na Jina

Bila shaka akina mama mmepata kuona ajabu hii: kitambaa cheupe kimeingia doa la mchuzi wenye manjano. Ukilipaka sabuni, doa lageuka jekundu kama matofali. Wengi hudhani kitambaa kimeharibika. Kumbe ukilikamulia ndimu, larudi rangi yake ya kwanza.

Hapana uchawi hapo. Manjano ni kielekezi, yaani kitu kinachobadili rangi ili kutuonyesha tabia ya kitu kingine. Ndimu, siki na maji makali ya betri ni jamii ya asidi. Chokaa na maji ya majivu ni jamii ya besi. Asidi na besi zikikutana kwa kadiri, kila moja huvunja ukali wa mwenzake, na hupatikana chumvi na maji. Elimu hii si ya jana: mwaka 1664 Robert Boyle alitoa kitabu juu ya rangi, akaeleza jinsi maji ya maua fulani yanavyokuwa mekundu kwa asidi na ya kijani kwa besi.

Nawaeleza haya kwa sababu ya jambo lililonipata. Nilimimina asidi ya betri katika chupa ya soda, nikaiacha katika stoo ya parokia bila kuiandika jina. Siku ya mazoezi ya kwaya, kijana mmoja mwenye kiu akaifungua. Nilimdaka mkono chupa ikiwa karibu na midomo. Kosa lilikuwa langu, si lake, kwa maana asidi ile ni safi machoni kama maji ya kunywa.

Stooni mlikuwamo chupa mbili zaidi zisizo na jina. Mtu akaniambia, "Karani, onja kidogo tu." Nikakataa. Nilikoroga manjano katika maji moto, nikachovya vipande vya karatasi nyeupe, nikavianika. Nusu yake nikavipitisha katika maji hafifu ya magadi, vikawa vyekundu. Kisha kwa kijiti nilitia tone moja moja.

Jifunzeni kanuni yake. Karatasi ya manjano ikiwa nyekundu, ni besi. Karatasi nyekundu ikirudia manjano, ni asidi. Zote mbili zisipobadilika, huenda ni maji ya chumvi ya mezani. Lakini si kila chumvi hukaa katikati: magadi ni chumvi, nayo huelekea besi, shabu ni chumvi, nayo huelekea asidi.

Chupa ya kwanza iliigeuza karatasi kuwa nyekundu: ilikuwa soda kali ya akina mama wanaotengeneza sabuni. Ya pili haikubadili kitu. Je, niliinywa? Hata kidogo! Karatasi hueleza asidi na besi tu. Sumu nyingine haizijui.

Basi ndugu msomaji, leo hii kagua stoo yako. Vitu vikali visitiwe katika chupa za vinywaji. Viandikwe jina, viwekwe mbali na watoto. Mtu akimeza, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali upesi. Ngozi ikimwagikiwa, ioshwe kwa maji mengi. Mimi sasa naandika jina kwanza, ndipo namimina.