Usafiri, Tutaona: Barua kwa Ndugu Watakaovuka kwenda Ubwari

Portland, Maine

Yaya zangu, wadogo zangu, na ninyi wazee wetu wa Baraka, Fizi na ng'ambo ya ghuba,

Ujumbe wa familia nimeupata. Mmekubaliana matanga ya Mzee yamalizwe Agosti, kulekule Ubwari alikozikwa, na sisi tulioko ughaibuni tuchange. Tutachanga. Mbuzi, mchele, unga wa muhogo, mahema, kinywaji cha wakwe, vyote mmeviandika na bei zake, hadi chumvi. Nikatafuta watu watavukaje, nikakuta mstari mmoja mwishoni kabisa: "Usafiri, tutaona."

Hilo "tutaona" ndilo limenikalisha niandike, na barua nimeiacha wazi asome yeyote, maana nyumba yetu si ya kwanza kupanga karamu kwa miezi mitatu na kupanga safari kwa dakika tatu.

Ubwari ni rasi, si kisiwa, hilo mnalijua kuliko mimi. Burton na Speke, wale wasafiri wazungu, ndio waliodhani ni kisiwa walipopita na mitumbwi kutoka Ujiji wakielekea Uvira, Aprili 1858, na Burton akakiandika hivyo. Stanley alipolizunguka ziwa zima la Tanganyika kwa mashua yake Lady Alice mwaka 1876, safari ya siku 51, ghuba yetu ikaingia kwenye ramani kama ghuba, na mpaka leo wazungu wanaiita kwa jina la Burton, yule yule aliyekosea. Lakini tukisema kweli, hakukosea sana. Rasi hiyo imeshikana na nchi kavu upande wa kusini, ila nani kati yenu anaweza kumpitisha huko shangazi wa miaka sabini, na masufuria, na mbuzi? Kwa mguu na pikipiki, mvua ikiwa haijaharibu njia na njia ikiwa haina watu wenye bunduki. Kwa mipango ya safari, Ubwari ni kisiwa. Tukiihesabu hivyo tangu mwanzo tutapanga vizuri.

Kuna mdogo wangu mmoja aliuliza kama sisi wa huku hatuwezi kushuka na ndege karibu. Ndege zinazotua kwetu ni za misaada, zina orodha zao na sisi hatumo. Kavumu, uwanja wa Bukavu, ulikuwa njia ya wengi, lakini Bukavu ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na sitaki kumwekea mtu nauli kwenye njia ambayo leo ipo na kesho haipo. Bujumbura nayo ina mpaka wa Gatumba, kisha Uvira, kisha karibu kilomita mia za barabara ile ya Makobola, Swima na Mboko mnayoijua kwa vizuizi vyake. Kwa hiyo mimi na kaka yangu wa Ohio tutapita Tanzania: ndege hadi Dar es Salaam, nyingine hadi Kigoma, viza ya Kongo mkononi kabla ya kuondoka, kisha boti. Ni njia ndefu kwenye ramani na fupi kwenye moyo, kwa sababu Kigoma tunaijua. Nusu ya ukoo wetu ilikaa huko, kwenye kambi ya Nyarugusu.

Hapo kwenye boti ndipo nataka tukae kidogo.

Desemba 2014 boti iliyoitwa Mutambala, jina la mto wetu na la sekta yetu, ilizama ikiwa njiani kwenda Uvira. Waliohesabiwa kufa walikuwa 129. Oktoba 2024, kwenye ziwa la Kivu, boti iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiangalia kwa macho. Abiria walikuwa wamekimbilia maji kwa sababu barabara ilifungwa na vita. Wakuu walisema ilibeba watu 278. Idadi ya kwanza ya waliokufa na ile ya baadaye hazikulingana. Watu wanabishana mpaka leo, na mtu hawezi kuwanyamazisha, kwa sababu pa kuanzia kuhesabu hapakuwepo.

Hilo la kuvuka bila orodha ya majina mnisamehe nikilisema kwa ukali. Mwaka 1996, tulipokimbia vita, tulipanda chochote kilichoelea. Watu walitupwa ndani usiku, mtoto na jirani, mama na mzigo, na boti zikaondoka kuelekea Kigoma. Nyumbani kwetu wapo wawili ambao hatujui walipanda boti ipi. Hatusemi wamekufa, hatusemi wako hai, hatujawahi kuwakalia matanga. Wakati ule hakuna aliyeweza kukaa na kalamu. Agosti hii tutakuwa na kalamu, simu na muda. Tukivuka bila majina tutakuwa tumechagua.

Huku ninakoishi kuna visiwa. Kutoka katikati ya mji wa Portland hadi Peaks Island ni kama dakika ishirini kwa feri, na watu wanaishi huko mwaka mzima, wanakuja mjini kazini na kurudi, theluji ikianguka na bahari ikifuka moshi wa baridi. Nafanya usafi kwenye jengo karibu na gati, basi nawaona kila siku. Mlangoni mfanyakazi anabonyeza kifaa kidogo mkononi kila mtu anapopita. Idadi ikifika, mnyororo unafungwa, hata kama anayefuata ni mkwe wa nahodha. Ndani ya feri kuna cheti cha Walinzi wa Pwani kimebandikwa ukutani ambapo kila abiria anaweza kukisoma: chombo hiki kinabeba watu wangapi, kina majile mangapi, yale makoti ya kuelea.

Nilidhani ni serikali ya Marekani na pesa zake. Mzee mmoja wa kisiwa, tunayekutana kwenye basi, akanieleza habari nyingine. Zamani feri hizo zilikuwa za kampuni binafsi, ikafilisika. Watu wa visiwani wangebaki wakiangalia mji kwa mbali. Mwaka 1981 Bunge la jimbo likapitisha sheria ya dharura na kuunda chombo cha umma, na bodi yake, karibu wote, wanachaguliwa na wakazi wa visiwa wenyewe. Mwenye shida na ratiba anajua nyumba ya kugonga. Sikatai kwamba kodi inasaidia na kwamba huku kuna polisi wa maji wanaoogopwa. Lakini yule mwenye kifaa cha kuhesabia mlangoni hagharimu zaidi ya mmoja wa vijana wetu wanaoshinda bichi wakicheza karata.

Sasa nyumbani. Mmeniambia tutakuwa kama sitini kutoka Baraka na Fizi. Mwenye boti mmoja amewaambia wote sitini wataingia mara moja, na mizigo juu. Najua wataingia. Hata themanini wataingia, mtu wetu hukunja miguu hadi anakuwa nusu. Swali ni watu wangapi watatoka upande wa pili kama upepo wa kusi utaamka. Agosti kusi bado inapiga. Ndani ya ghuba Ubwari wenyewe unatukinga, ni kama ukuta wa ua, lakini mkipita ncha ya rasi kwenda vijiji vya upande wa mashariki mko kwenye ziwa wazi, ziwa ambalo katika sehemu zake kina chake kinafika mita 1,470. Kaburi la Mzee liko upande wa ndani, kwa hiyo kuzunguka ncha hakuna haja. Wale wanaotaka kupitia kwa shemeji wa upande wa pili wakifika waende kwa mguu, watamsalimu vilevile.

Nitalipia boti mbili za watu na moja ya mizigo. Mbuzi na saruji ya kaburi havikai na watoto. Yaya yangu wa Fizi ameshapiga hesabu akaniambia boti mbili ni uharibifu, viti vitabaki vitupu. Ni kweli, yaya, na hivyo viti vitupu ndivyo ninavyonunua. Vibaki vitupu. Kijana wa boti akianza kuita abiria wa njiani ili avijaze, mwambieni vimekwisha kulipiwa kutoka Amerika, na mwenye navyo ni mkorofi.

Saa ya kuondoka msiipange ninyi wala mimi. Tafuteni wavuvi wawili wazee, wale wa ndagala wanaolala ziwani na taa zao, muwaulize upepo wa mwezi huo unaamka saa ngapi na kulala saa ngapi, kisha mfuate. Wenye boti watawaambia usiku ni mzuri, ziwa limelala na vizuizi vimelala. Sitaki usiku. Mtu akianguka mchana anaonekana.

Na bichi yenyewe? Maji ya ziwa yalipanda vibaya 2020 na 2021, yakarudi tena 2024, na katika picha mnazonituma naona nguzo za nyumba zikitoka majini mahali tulipokuwa tukichezea mpira. Ziwa lina mdomo mmoja tu wa kutokea, Lukuga pale Kalemie, likijaa linachukua muda kushuka. Kabla ya siku hiyo kijana mmoja apite kwa mtumbwi hapo mtakapopandia na hapo mtakaposhukia, achome mti ndani ya maji, aangalie kama hakuna ukuta wa mtu au mabati chini. Boti iliyojaa watu haina haja ya kwenda mbali ili itoboke.

Majile tununue wenyewe. Yale ya kukodi nimeyaona, mengine ukiyakamua yanatoa maji kama sifongo. Kaka yangu wa Ohio amekubali kuyabeba mazuri ya watoto, kwa sababu ya watoto ndiyo hayapatikani, na mtoto ndani ya jile la mtu mzima hutoka kwa chini. Ya wakubwa mtayanunua Kigoma au Bujumbura kwa yeyote anayepita, muyajaribu majini kwanza, mtu mzima akiwa ndani. Atakayecheka kwamba jile linaharibu kitenge cha sare, apewe jile la kwanza.

Majina yaandikwe mara tatu. Karatasi moja ibaki bichi Baraka kwa mtu ambaye havuki. Moja iwe kwa mwenyeji wetu Ubwari. Ya tatu ipigwe picha nipate kwenye WhatsApp kabla kamba haijafunguliwa. Andikeni na umri, na ni boti ipi. Mtoto mchanga naye ni jina. Mwenyeji asipohesabu wote hadi saa mliyokubaliana, asingoje mtandao urudi, atume mtumbwi wa moteri uliokwisha kuwekewa esansi.

Kurudi ndiko kunakonitia hofu zaidi kuliko kwenda. Kwenda watu wana akili ya msiba. Kurudi wamekula, wamekunywa, wamepewa zawadi, kila mama ana ndoo ya samaki na mkungu wa ndizi, na kila mtu anataka awahi kesho kazini. Nahodha naye amekaa siku mbili kwenye karamu yetu, amekunywa nini? Kwa hiyo nimeongeza chakula cha siku moja. Karamu ikiisha jioni, hakuna anayeondoka jioni. Nahodha alale mapema kwa baba mdogo asiyekunywa, na aliyekosa nafasi kwa sababu ya ndoo zake achague kati ya ndoo na nafasi.

Shangazi ameapa tangu 1996 kwamba hatapanda tena boti. Msimlazimishe. Nimeongea naye kwenye simu, akaniuliza tu kama safari hii majina yataandikwa. Nikamwambia ndiyo. Akasema atafikiri. Mkimwona amekuja bichi na mfuko wake, mwekeni katikati ya boti, mbali na moteri, na mjukuu mmoja anayejua kuogelea.

Baada ya matanga yale majile yasigawanywe kama masahani. Hapo nina wazo ambalo bado halijapikwa vizuri, mlijadili bila haraka. Tuyaweke kwa mtu mmoja Baraka, yawe ya likelemba, yaani mfuko wa pamoja, wa watu wanaovuka kwenda Ubwari, si ya ukoo wetu pekee, Wabwari na Wabembe na yeyote mwenye mtu ng'ambo. Msiba au harusi ikitokea, wayachukue kwa mchango kidogo, pamoja na daftari la majina. Pesa zikikua, tutazungumza habari za moteri ya akiba, na siku moja boti. Huku Portland, Des Moines na Ohio tuko wengi tunaotuma pesa za mazishi. Nadhani wapo watakaopenda kutuma kitu kabla ya mazishi.

Sehemu ya kwanza ya pesa, ya mbuzi na unga, nimeituma leo kwa Airtel Money kwa yaya. Ya boti nitaituma nikipata majina mawili ya wavuvi mliowauliza na jina la nahodha, halafu nimpigie mwenyewe. Ya majile inatoka wiki ijayo, kwa hiyo nahitaji uzito wa watoto wote walio chini ya miaka kumi na miwili. Uzito, si umri, maana watoto wa dada yetu wa Lweba nawajua.

Wasalimieni wote.

Mdogo wenu wa Portland