MELI YA VITA NI YA KUPIGIA PICHA TU? (Sehemu ya 6)

Ndugu zangu, kuna mtu kaniuliza inboksi: "Sista, wenzetu Ulaya wanalipa kiingilio kutembelea manowari na nyambizi za zamani. Sisi tuna nini?" Tunayo Liemba, pale Kigoma. Kutoka huku Nyamahanga unashika barabara ya Nyakanazi, Kibondo, Kasulu, umefika.

Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande, ikaja kwa maboksi hadi Dar, kisha reli. Wakaifungia mizinga. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe adui asiipate, ila mafundi waliipaka injini grisi kwanza (wajanja!). Mwingereza akaiibua 1924, ikarudi kazini 1927.

Wapo wanaosema sasa ifungwe gatini iwe makumbusho. Mimi hapana. Mei 2015 maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, kijiji ambacho unakifikia kwa boti au kwa miguu, na kipindupindu kikaingia. Liemba ndiyo iliyowabeba kuwaleta Kigoma mjini. Sasa mgonjwa wa kipindupindu hasubiri jamani, maji yakimwishia mwilini ni suala la saa tu. Hapo meli ni sawa na dripu.

Kwa hiyo itembee. Siku ikiwa gatini, watoto wa shule wapandishwe, waoneshwe mizinga ilikaa wapi, na wale wa 2015 walibanana wapi na watoto wao mgongoni. Hiyo ya pili isiachwe. Mnaokumbuka Benaco 1994 mtanielewa.