Sindano ya tetanosi: serumu si chanjo



Mwezi uliopita mchimbaji mmoja wa timu ya usiku aliletwa dispensari. Baramini ilikuwa imemtoboa mguu, na kidonda kilijaa matope. Tulikiosha vizuri kwa maji na sabuni, tukatoa uchafu, halafu nikamwambia: "Papa, sasa sindano ya tetanosi." Akakataa kabisa. "Muganga, sindano ile ilitaka kuniua. Mwili wangu hauipendi."

Sikumcheka. Mtu akikwambia kwamba dawa fulani ilimdhuru, msikilize kwanza. Nilimwuliza ilikuwa lini, na shida ilianza baada ya muda gani. Akaeleza kwamba alipokuwa kijana alijikata kwa panga, akachomwa sindano katika kituo fulani cha afya. Siku ya nane hivi akapata homa, vipele vikatoka mwili mzima, viungo vikamuuma hata akashindwa kutembea. Hapo nikaelewa. Alichochomwa siku ile hakikuwa chanjo. Ilikuwa serumu.

Shika vizuri tofauti hiyo, kwa maana huku kwetu zote mbili zinaitwa "sindano ya tetanosi", na sisi waganga ndio tulioleta fujo kwa kuandika SAT na VAT kwenye fishi bila kumweleza mgonjwa.

SAT ni serumu. Imetolewa katika damu ya farasi aliyezoezwa kupigana na sumu ya tetanosi. Ni kama askari wa kukodi: wanaanza kazi mara moja, lakini baada ya wiki mbili tatu wamekwisha kwenda zao. Na kwa kuwa wametoka kwa farasi, kuna miili inayowakataa. Mmoja anavimba koo papo hapo, mwingine anaugua baada ya wiki moja kama huyu papa. VAT ni chanjo. Ndani yake mna sumu ya tetanosi iliyoondolewa ukali kiwandani, na chumvi kidogo ya alumini. Haina kitu cha farasi, haina yai, haina penisilini. Inaufundisha mwili wako utengeneze askari wake wenyewe. Siku hizi mara nyingi huja pamoja na chanjo ya dondakoo, nayo inaitwa Td.

Basi maoni yangu ni haya: mtu anayedhurika kwa serumu ya farasi ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kwenye mstari wa chanjo. Aliyetimiza chanjo zake, akijeruhiwa hahitaji serumu. Asiye nazo akiletwa na kidonda kichafu, sisi tunalazimika kutafuta askari wa kukodi. Kuna wale waliotoka katika damu ya binadamu, immunoglobulini, lakini ni ghali, inataka frigo, na huwezi kuipata kila mahali katika njia ya Walikale. Ikikosekana inabaki ya farasi. Shuleni tulifundishwa njia ya Besredka: kuchoma tone dogo, kungoja dakika 15, kuongeza kidogo, kungoja tena. Inasaidia, lakini haiondoi hatari yote, na mimi sipendi kuifanya usiku wa manane kwa mtu aliyekwisha kuniambia kwamba inamdhuru.

Wala usidhani tetanosi iko mbali. Masisi ni nchi ya ng'ombe; samadi iko malishoni, njiani na kwenye viatu vyako. Mbegu za ugonjwa huu hukaa katika udongo miaka mingi. Walikale kuna msitu na ng'ombe ni wachache, lakini msumari, mwiba na mti wa kuegemeza shimo vinatosha. Mara nyingi kati ya siku 3 na 21 taya linafunga, na mgongo unakazana kama upinde.

Mtu mzima ambaye hajachanjwa kamwe anaanza leo, anarudi baada ya wiki 4, tena baada ya miezi 6, kisha mwaka 1, kisha mwaka 1 mwingine. Ukiacha katikati, huanzi upya, unaendelea pale ulipoishia. Ila lazima fishi ionyeshe. Najua familia nyingi zilikimbia mapigano ya 2024 na 2025 na karatasi zikabaki nyuma. Asiye na karatasi wala kumbukumbu ya hakika tunamhesabu kama hajachanjwa. Kwa kidonda kichafu, ikiwa miaka 5 imepita tangu sindano ya mwisho, tunaongeza moja ya kukumbusha. Lakini usiombe sindano kila unapokwaruzwa. Ukichomwa mara nyingi mno mkono unavimba sana, nawe utakwenda kuwaambia watu kwamba una alerji.

Mkono kuuma siku mbili si alerji. Aliyedhuriwa na penisilini, samaki au yai anaweza kuchomwa chanjo ya tetanosi. (Wa yai atuambie mapema siku ya chanjo ya homa ya manjano, kwa maana ile inatengenezwa katika mayai.) Mama mjamzito vilevile, asikose Td pale kliniki, inamlinda na mtoto atakayekatwa kitovu. Ninayemzuia mimi ni yule ambaye dakika chache baada ya chanjo yenyewe alivimba koo, akakosa pumzi au akaanguka. Huyo anakwenda kwa daktari. Ni nadra sana, kama mtu 1 hivi katika milioni, lakini adrenalini naiweka mezani kila mara. Ukichanjwa kaa dakika 15. Mwenye alerji yoyote kubwa akae 30, hata kama gari la timu linapiga honi.

Yule papa alikubali. Tulimchoma chanjo ya kwanza, akakaa nusu saa akinitazama kwa mashaka. Immunoglobulini ya binadamu tuliiagiza mjini, ikafika kesho yake jioni ndani ya barafu, tukamchoma mahali pengine kwa sindano nyingine. Chanjo ya pili ni juma lijalo. Kwenye fishi yake nimeandika kwa wino mwekundu: SERUMU YA FARASI HAPANA, CHANJO NDIYO. Mwenye historia kama yake apite dispensari kabla hajaumia, nimwandikie naye.